Macho yananitiririka machozi, iweje niambiwe ni makavu?

*"Daktari, habari za kazi. Nina miaka 47, ni mhasibu katika ofisi ya serikali. Tulihamia Dodoma na ofisi yetu kutoka Dar es Salaam, na tangu nifike huku macho yamekuwa mateso. Yanachoma, yanakwaruza kama yana mchanga, na jioni maandishi ya kwenye kompyuta yanafifia mpaka nipepese ndipo yanakaa sawa. Asubuhi nikipanda bodaboda machozi yananitiririka hadi mashavuni. Duka la dawa walinipa dawa ya kudondoshea ya njano, ikanipa nafuu siku chache, sasa niko kwenye chupa ya nne. Nilikwenda hospitali moja nikaambiwa nina macho makavu, nikapewa matone, nikatolewa kabla sijauliza swali. Makavu vipi wakati yanalia? Natumia pia dawa ya presha, na kidonge cha sitirizini kila usiku kwa ajili ya mafua ya vumbi. Wenzangu kazini wanasema ninunue miwani ya kuzuia mionzi ya kompyuta, shangazi yangu anasema nitie maziwa ya mama anayenyonyesha. Je, nitapona, au ndiyo naelekea upofu?"*

Dada yangu, nianze na neno la mwisho la barua yako, maana nahisi ndilo linalokunyima usingizi. Kwa jinsi ulivyoeleza, huelekei upofu. Macho makavu yanachosha, yanauma, yanaharibu siku nzima ya kazi, lakini ni mara chache sana kumfikisha mtu huko. Kilichonishtua katika barua yako ni ile chupa ya nne, na nitaifikia. Kwanza tuelewane kuhusu machozi.

Aliyekuambia macho yako ni makavu huenda alisema kweli. Kosa ni kukuacha utoke bila maelezo, kwa sababu jina lenyewe la ugonjwa huu linapotosha. Mtu akisikia "makavu" anafikiria kisima kilichokauka, kumbe machozi si maji matupu. Juu ya jicho kuna utando mwembamba mno wenye vitu vitatu. Kuna ute unaoshikana na ngozi ya jicho, kuna maji yenye chumvi na kinga za mwili, na juu kabisa kuna mafuta kidogo sana. Hayo mafuta ndiyo mfuniko. Kumbuka supu ya ng'ombe yenye mafuta juu inavyokaa na moto wake, wakati ile isiyo na mafuta inafuka mvuke na kupoa upesi. Mafuta yanazuia maji yasiruke. Yakipungua au yakiharibika, utando wa machozi unapasuka kabla hujapepesa tena, na sehemu ya jicho inabaki wazi.

Ngozi ile ya mbele ya jicho, tunayoiita konea, ina neva nyingi kupita karibu kila sehemu ya mwili wako. Ikibaki wazi hata kwa sekunde chache inapiga kelele, na kelele hiyo ndiyo hali ya kuchoma na mchanga uliyoieleza. Ubongo ukisikia unaiamuru tezi kubwa iliyo juu ya jicho, upande wa nje, imwage machozi ya dharura. Yanakuja mengi kwa mpigo, lakini ni majimaji yasiyo na mchanganyiko ule unaotakiwa, kwa hiyo hayakai. Ni kama sakafu inayosubiri kupakwa nta, mtu akaja akaimwagia ndoo ya maji. Maji yanapita, sakafu inabaki vilevile. Upepo wa bodaboda unafanya hivyo kila asubuhi: unakausha utando, jicho linalalamika, machozi yanatiririka. Hata kule kufifia kwa maandishi mpaka upepese ni alama ileile. Utando ukipasuka, mwanga hauingii vizuri, na kope ikishuka inautandaza upya na maandishi yanarudi.

Sasa, kwa nini yaanze Dodoma? Wewe mwenyewe umeanika nguo sehemu zote mbili. Khanga ya Dar inaweza kulala kwenye kamba na asubuhi bado ina unyevu, ya Dodoma kiangazi inakauka hujamaliza kuanika nyingine. Hewa inayokausha khanga ndiyo hiyo inayokausha jicho. Ongeza upepo na vumbi, ongeza kiyoyozi cha ofisini, halafu ongeza kompyuta. Mtu akiwa kwenye mazungumzo ya kawaida hupepesa kope karibu mara 15 kwa dakika. Akikodolea kioo cha kompyuta au simu, zinaweza kushuka hadi tano au sita, na nyingi ni za nusu, yaani kope ya juu haifiki chini. Mhasibu anayefunga hesabu za mwezi hapepesi kabisa, naamini hapo utanielewa.

Umri nao una mkono wake. Pembeni ya kope, nyuma tu ya mstari wa nywele zake, kuna tundu ndogondogo za tezi za mafuta, kati ya 25 na 40 kwenye kope ya juu na 20 hadi 30 kwenye ya chini. Utasikia madaktari wakiziita tezi za Meibom, kwa jina la tabibu wa Kijerumani aliyezieleza mwaka 1666. Homoni ndizo zinazozisimamia, na mwanamke akikaribia kukoma hedhi zinaanza kulegea. Mafuta yake, yanayotakiwa kutoka mepesi kama ya kula, yanakuwa mazito. Ninapomchunguza mgonjwa kwenye darubini ya macho huwa naibonyeza kope taratibu kwa kijiti cha pamba. Kwa mtu mwenye kope zenye afya hutokea kitone kinachong'aa. Kwa wengi wenye shida yako hutoka uzi mweupe, mnene, kama dawa ya meno inayokamuliwa. Mgonjwa akijiona kwenye picha ananyamaza kidogo, halafu anasema, "Kumbe ni hii."

Habari njema ni kwamba mafuta hayo yanayeyuka. Ukiwa Dar mafuta yako ya nazi yalikuwa maji karibu mwaka mzima. Hapo Dodoma asubuhi ya Juni au Julai unayakuta yameganda, unaiweka chupa kwenye maji ya moto yanalainika. Shika mfano huo, nitaurudia.

Kuna na dawa unazomeza. Sitirizini na ndugu zake wa kutibu mzio hukausha pua, ndiyo kazi yake, lakini hazichagui. Hukausha mdomo na macho pia, na wewe unaimeza kila usiku. Baadhi ya dawa za presha, hasa zile za kukojoza, zinaweza kuchangia. Tafadhali usiache dawa ya presha kwa sababu ya macho. Kiharusi hakilinganishwi na macho yanayochoma. Mweleze daktari anayekuandikia, aangalie kama kuna haja ya kubadilisha. Kuhusu mafua ya vumbi muulize juu ya dawa ya kupuliza puani, inafanya kazi palepale penye tatizo na haizunguki mwili mzima. Kwa wagonjwa wengi badiliko hilo moja limeleta nafuu kuliko matone ya aina tatu.

Tuje kwenye chupa. Mimi siioni, na rangi haisemi kilichomo, kwa hiyo naomba uichukue sasa hivi usome maandishi madogo. Ukiona neno linaloanza na dexa, beta au predni, na kuishia na -sone au -solone, hiyo ni steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe, mara nyingi imechanganywa na dawa ya bakteria. Steroidi inaondoa wekundu na maumivu haraka, ndiyo maana watu wanaipenda na ndiyo maana ulipata nafuu siku zile za mwanzo. Lakini ikitumika wiki hadi wiki bila kupimwa inaweza kupandisha presha ya ndani ya jicho kimyakimya, bila maumivu, na kuua neva ya kuonea. Uoni uliopotea kwa presha ya macho haurudishwi na dawa wala upasuaji. Inaweza pia kuleta mtoto wa jicho mapema, na inashusha ulinzi hadi fangasi na virusi wanapata njia. Nimewaona watu walioanza na macho ya kuwasha tu wakaishia na uoni wa upande mmoja, na chupa wanayo mkononi. Ndiyo upofu pekee ninaouogopa katika barua yako, na unazuilika. Ikiwa ni steroidi, usinunue ya tano, nenda kliniki ya macho wiki hii hii wakupime presha ya macho na wakuelekeze namna ya kuiacha.

Ukikuta naphazoline au tetrahydrozoline, hiyo ni ya kubana mishipa ya damu ili jicho liwe jeupe. Ikiisha nguvu wekundu unarudi na zaidi, nawe unadondosha tena. Iache. Na ikiwa ni dawa ya bakteria peke yake, basi inapigana na adui ambaye hayupo. Bakteria wangekutolea tongotongo za usaha na kope kugandana asubuhi, jambo ambalo hukulitaja.

Miwani ya mionzi nakushauri uhifadhi pesa yako. Mwaka 2023 wataalamu wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, walikusanya majaribio 17 ya miwani inayochuja mwanga wa buluu, na hawakuona kwamba inapunguza uchovu wa macho kuliko miwani ya kawaida. Ila kwa miaka 47 huenda unahitaji miwani ya kusomea, na kama huna, sehemu ya uchovu wako inatoka hapo. Hiyo inapimwa na ni ya kununua.

Shangazi yako anakupenda, mwambie nimesema hivyo. Maziwa ya mama ni chakula bora kwa mtoto, ila kwenye jicho yanabeba vijidudu kutoka kwenye ngozi na chombo, na jicho lako lina mikwaruzo midogo inayowafungulia mlango. Vivyo hivyo asali, mate, na chai ya rangi iliyopoa. Na kunywa maji mengi ni jema kwa joto la Dodoma, lakini usilitegemee kutibu macho, kwa sababu kilichoharibika kwako nadhani ni mfuniko kuliko kisima.

Sasa kazi yenyewe, na hapa ndipo nataka uvumilivu wako. Chukua kitambaa safi na beseni ya maji ya moto unayoweza kuyavumilia ndani ya kifundo cha mkono bila kushtuka. Loweka, kamua, funga macho, weka juu ya kope. Kitambaa kinapoa ndani ya dakika moja au mbili, na hapo ndipo wengi wanapokosea, wanakiacha kimepoa wakidhani wanajitibu. Loweka tena, endelea mpaka zitimie dakika kumi. Unayeyusha mafuta ya nazi kwenye chupa, na chupa lazima ikae kwenye moto wake. Ukimaliza, macho yakiwa yamefungwa, tumia kidole kisafi kusugua kope ya juu kushuka chini, na ya chini kupanda juu, kuelekea kwenye nywele zake. Polepole, usilikandamize jicho. Malizia kwa kufuta ukingo wa kope kwa pamba iliyolowa maji yaliyochemshwa yakapoa. Fanya asubuhi na jioni kwa wiki nne hadi sita, kisha mara moja kwa siku. Usitarajie kitu wiki ya kwanza. Wanaoacha siku ya tano ni wengi kuliko wanaoendelea, na wanaoendelea ndio wanaoniambia usiku wamelala vizuri. Kama unapaka wanja ndani ya ukingo wa kope, usogeze nje ya nywele au upumzike nao kipindi hiki, unaziba tundu zilezile tunazotaka kuzifungua.

Pamoja na hilo tumia machozi ya bandia. Kwenye chupa utakuta hypromellose, carboxymethylcellulose au sodium hyaluronate, na zote zinafaa kwa kuanzia. Dondosha kwa ratiba, mara nne kwa siku, usisubiri jicho lichome. Tone moja linatosha kila jicho, la pili linamwagikia shavuni pamoja na pesa yako. Ukijikuta unahitaji zaidi ya mara nne, tafuta isiyo na kihifadhi, kwa sababu kihifadhi cha kawaida, benzalkonium chloride, chenyewe huchubua jicho kikizidi. Hizo hukaa kwenye vichupa vidogo vya kutumia mara moja na ni ghali zaidi, sikufichi. Chupa ya kawaida ikishafunguliwa, nyingi hutakiwa kutupwa baada ya wiki nne. Andika tarehe juu yake kwa kalamu. Ukiamka macho yamekauka, omba mafuta mazito ya macho ya kupaka usiku. Yatakufanya uone ukungu, kwa hiyo yapake ukiwa umeshazima simu.

Ofisini, feni na kiyoyozi visikupulizie usoni, hata kama itabidi ubadilishane kiti na mwenzako. Shusha kompyuta iwe chini kidogo ya usawa wa macho. Ukitazama chini kope inafunika sehemu kubwa zaidi ya jicho na machozi hayaruki sana. Kila baada ya dakika 20 tazama mbali, kama mita sita hivi, kwa sekunde 20, na katika muda huo funga macho taratibu hadi kope zigusane, fungua, rudia mara kumi. Mwalimu mmoja niliyemtibu alibandika karatasi yenye neno PEPESA pembeni ya kioo cha kompyuta. Wanafunzi walimcheka wiki nzima, ila ile hamu ya kubadilisha kazi ilimwisha. Kwenye bodaboda vaa kofia ngumu yenye kioo na ukishushe, au miwani inayozunguka hadi pembeni. Jikoni, moshi wa mkaa na kuni ni adui, pika palipo wazi.

Utasikia pia habari za vidonge vya mafuta ya samaki. Mimi mwenyewe nilikuwa nikivishauri. Mwaka 2018 jarida la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha jaribio la watu 535 wenye macho makavu, wengine wakapewa omega-3, yaani hayo mafuta ya samaki, miligramu 3,000 kila siku kwa mwaka mzima, wengine mafuta ya zeituni bila kujua. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na omega-3 haikuzidi. Tangu hapo nimeacha. Kula dagaa na samaki kwa afya yako, vidonge viache dukani.

Haya yote yasipotosha baada ya miezi miwili au mitatu, bado tuna silaha. Kuna matone ya siklosporini yanayotuliza uvimbe wa muda mrefu kwenye tezi na ngozi ya jicho. Yanawaka yakiingia, na huchukua miezi mitatu au zaidi kuonyesha kazi, kwa hiyo siyaandiki kwa mtu ambaye hajajaribu kitambaa cha moto kwa dhati. Kuna vizibo vidogo vya kuziba vitundu vinavyopitisha machozi kwenda puani, vinafaa pale machozi yenyewe yalipopungua. Kuna vidonge vya doksisaiklini kwa kope zilizovimba sana. Na steroidi ileile niliyoikemea inaweza kutumika, kwa siku chache, mikononi mwa daktari anayepima presha ya jicho lako.

Kuhusu kupona, nitakuwa mkweli. Macho makavu hukaa nawe kama presha unayoimeza dawa, yanatulia, unayasahau miezi, kisha upepo wa Agosti unayaamsha. Wagonjwa wangu walio vizuri ni wale waliolifanya lile beseni kuwa sehemu ya siku, kama mswaki.

Nenda kliniki ya macho ya hospitali ya rufaa ya mkoa hata kama chupa yako si steroidi, kwa sababu mimi nimesoma barua tu. Omba wakupime: wataweka rangi inayong'aa chini ya mwanga wa buluu na kuhesabu sekunde hadi utando upasuke, chini ya kumi ni dalili ya tatizo. Wanaweza kukuwekea kikaratasi kwenye kope ya chini kwa dakika tano, kisipolowa hata milimita tano machozi yenyewe ni machache. Wageuze kope ya juu pia waangalie makovu ya trakoma, yaani vikope. Uko mkoa wenye wilaya ya Kongwa, ambako vikope vimetesa watu vizazi kwa vizazi, na ingawa wewe umekulia kwingine, nywele za kope zinazoingia ndani hukwaruza vilevile kama ukavu. Waambie pia kama mdomo unakauka hadi ugali haushuki bila maji, au viungo vya vidole vinakakamaa asubuhi. Kuna ugonjwa wa kinga unaoitwa Sjögren, unaowapata zaidi wanawake wa umri wako, unaoshambulia tezi za machozi na mate kwa pamoja, na huo unahitaji vipimo vya damu.

Usisubiri miadi kabisa ukipata maumivu makali, uoni kushuka ghafla, kushindwa kuvumilia mwanga, doa jeupe kwenye sehemu nyeusi ya jicho, au kitu cha shambani kikikuchoma jichoni. Hiyo ni siku hiyohiyo.

Unapokwenda, tia kwenye mfuko mmoja kila dawa unayotumia: ya presha, sitirizini, matone ya hospitali, na ile chupa ya njano hata kama imebaki matone mawili. Usimpe mwenzako wa ofisini mwenye macho mekundu.